Cleophus Ndani ya Basi la Kura

Jumapili ya kura, ibada ikiisha, kanisa letu la watu weusi, Mount Nebo, halirudi nyumbani. Linapanda basi, na dereva ni mimi, Ozella Tharpe, mwaka wa kumi na tisa huu. Tunaimba hadi kituoni, tunampigia rais kura ya mapema, tunarudi kula kuku. Hakuna anayemuuliza mwenzake kampigia nani. Hapa kwetu Georgia, ukishaiona rangi ya mtu unadhani umeshaijua na kura yake.

Nami nilidhani hivyo, hadi mdogo wangu Cleophus alipofungua mdomo.

"Mimi mwaka huu naenda na Republican."

Wimbo ukakatika. Mama Vernell Gaines, mama wa kanisa, miaka themanini na moja na ulimi usio na breki, akageuka na kofia yake.

"Sema tena?"

"Umenisikia, Mama. Nimewapa kura Democrat, wale wenu, tangu ujana. Kiwanda kikafungwa, hospitali ikafungwa. Nikachoka, nikakaa nyumbani chaguzi mbili. Sasa nataka wajue siko mfukoni mwao."

"Ozella, simamisha basi! Huyu aende kwa miguu!"

"Ateremke!" viti vya nyuma vikaitikia.

Nilisimamisha. Nilikuwa na hasira kuwapita wote. Baba yetu alifukuzwa kwenye shamba la mzungu alilokuwa akilima, vyombo na watoto sita barabarani, siku ileile aliyojiandikisha kupiga kura. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mlango. Lakini waliomfukuza Baba walitaka kuchagua nani apige kura na nani asipige. Sikuzaliwa niwe mmoja wao.

"Basi hili halimshushi mpiga kura," nikasema. "Asiyetaka kukaa naye, mlango ndio huu."

Zilibaki maili nne. Hakushuka mtu.

Foleni ilikula saa mbili, na hakuna aliyemsemesha Cleophus. Alipofika mezani, binti wa zamu akatazama kompyuta.

"Jina lako limewekwa pembeni, mzee. Hujapiga kura siku nyingi. Nenda ofisi kuu kesho."

"Kesho niko barabarani na lori. Nikirudi, uchaguzi umekwisha."

"Pole sana."

Cleophus akavaa kofia yake. Na mimi, Mungu anisamehe, moyo wangu ulipata nafuu: kura moja imewapungukia Republican. Aibu hiyo ninayo hadi leo.

Ndipo nikasikia bakora. Mama Vernell alikuwa amekwisha kupiga kura yake, na sasa alikuwa anarudi mezani.

"Binti, fomu ya kuthibitisha anwani iko wapi? Anaijaza, anapiga kura hapahapa. Nimefanya kazi kwenye meza hiyo kabla mama yako hajazaliwa."

"Msimamizi ametoka kidogo, Mama..."

"Mwite. Tunangoja."

Akavuta kiti, akakaa. Wenzetu wa basini wakaja mmoja mmoja wakasimama nyuma yake, watu thelathini na mmoja na kofia zao za Jumapili. Msimamizi alipofika aliwatazama, akafungua droo. Fomu zilikuwa humo.

Cleophus alitia sahihi.

"Mama, unajua nakwenda kumpigia nani."

"Najua, mpumbavu wee. Nenda kapige. Kurudi, utakaa kiti kimoja na mimi."