Sheria ya Yule Malkia

"Nyumba hii haijawahi kukanyagwa na mguu uliocheza jukwaani!" Marinos alifoka hadi mishipa ya shingo ikamtoka. "Baba yangu karani wa ikulu, babu yangu karani wa ikulu. Sisi mkitukata, unatoka wino!"

Mwanawe Kyriakos alisimama pembeni na pete ya posa kiganjani, amenuna. Alimtaka Anthousa, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kuandika hati. Helladia, mama yake Anthousa, zamani alikuwa mcheza dansi wa uwanja wa farasi, penye mbio na maonyesho, hapo Konstantinopoli. Sasa aliuza mishumaa, na ulimi wake ulikuwa bado unacheza.

"Sheria inaruhusu, bwana. Mwanamke akiacha jukwaa anaolewa na yeyote, na binti zake vilevile. Malkia aliipigania."

"Malkia! Naye alikuwa mcheza jukwaa, Kaizari akataka kumwoa, sheria ikabadilishwa! Wote wawili wamezikwa, na sisi bado tunalishwa sheria yao kama samaki wa juzi!"

"Na kanisa kubwa alilojenga Kaizari, si unasali humo kila Jumapili? Hilo mbona halikukwami kooni?"

"Toka kwangu!"

"Sitoki mpaka mashahidi waseme. Au desturi nayo imezikwa?"

Marinos alicheka kwa hasira. Kwenye hati ya posa, shahidi mkongwe wa mtaa ndiye huanza kusema, naye alikuwa amemwita makusudi Mzee Zoilos, aliyelisha dubu wa uwanja wa farasi miaka arobaini. Zoilos atasema hadharani Helladia alikuwa nani, mama mtu ataona haya, na posa itakufa yenyewe. Marinos alijiona ana akili kweli.

Zoilos aliingia akitafuna dengu za kukaanga.

"Mzee, huyu mama unamjua?"

"Helladia? Kwa nini nisimjue? Alicheza vizuri sana, ila goti lilimsumbua."

"Umesikia, Kyriakos? Damu hiyo ndiyo unataka kuniletea? Uchafu wa uwanjani, wa kunuka dubu?"

Zoilos aliacha kutafuna.

"Nani ananuka dubu?"

"Sikusema wewe, mzee wangu..."

"Umesema! Marinos, usinipandishe hasira. Baba yako alihangaika miaka minne hawezi kumwoa mama yako, kwa sababu karani wa ikulu haoi mcheza jukwaa, na mama yako alicheza juu ya kamba uwanjani. Sheria ilipotangazwa alikuja kunikokota bandani, nikaweka alama yangu ya msalaba kwenye hati yao, mkono unanuka dubu hivyohivyo. Bila sheria hiyo ungekuwa mwana wa haramu, na nyumba hii angeirithi ami yako!"

Kyriakos alimgeukia baba yake. "Uliniambia bibi alikuwa binti wa karani."

"Mzee amechoka akili," Marinos alisema. "Anachanganya watu. Kama ni kweli, mimi ningejua."

"Ungejua?" Zoilos alimsogelea mpaka pua zikakaribia kugusana. "Siku ile ulikuwa mabegani mwangu, umeshika masikio yangu yote mawili, unalia kwamba mama akiolewa hatakupandisha tena kwenye kamba."