Saa ya Marehemu na Bwana Zamu

Hujawahi kumwona mtu mzima akiiomba kompyuta msamaha? Basi hukuwepo Mwanga, hapa Kigoma, asubuhi ile, kwenye kliniki ya macho iliyo nyuma ya soko.

Mapokezi alikaa Asnath. Miaka kumi na moja aligawa zamu kwa daftari na sauti yake, na sauti yenyewe hata mgonjwa aliyeko chooni aliisikia. Kisha akaja Nikodemu, kijana aliyesoma kompyuta Dar miaka miwili akaishia njiani, akafunga programu ya miadi. Watu wakaibatiza Bwana Zamu. Bwana Zamu anaonyesha saa za Kiswahili, anatuma ujumbe kwenye simu, na hana shemeji. Ukichelewa dakika ishirini anakufuta, nafasi anampa mtu wa akiba.

Saa tatu kamili ilikuwa ya Skolastika. Mwaka uliopita alivuka mpaka pale Kagunga na maelfu ya Warundi wenzake, akaletwa mjini kwa meli, akapelekwa kambini. Mtoto wa jicho alishamziba macho yote mawili, akawa anawatambua wajukuu kwa kikohozi. Daktari wa upasuaji huja mara mbili tu kwa mwaka, na kesho mchana alikuwa anapanda ndege. Kibali cha kutoka kambini, cha siku tatu, bibi wa watu alikihangaikia miezi minne. Na Asnath ndiye aliyemwambia kwa simu, "Mama, wewe njoo tu, nafasi yako ipo."

Sasa ilikuwa saa tatu na dakika kumi, na mlangoni hamna mtu.

"Dada, huyo haji," alisema Rodgers, afisa ardhi aliyehamishiwa kutoka Moshi. Yeye ndiye alikuwa wa akiba, na miwani alishaivua kabisa. "Nianze kujiandaa?"

"Jiandae kukaa, kaka."

Asnath akapiga simu. Akapokea Leonia, mpwa wa Skolastika anayemwongoza njia.

"Mko wapi nyie?"

"Hapo sokoni, mama, tunakunywa chai. Tumewahi sana, tukaona tusiwasumbue."

"Mmewahi? Saa ngapi hapo?"

Upande wa pili bibi akasikika akidai saa ya mkononi mwake isomwe vizuri. "Saa mbili na dakika kumi na moja," akasema Leonia. "Shangazi anasema saa ya marehemu mumewe haijawahi kudanganya."

Asnath akajishika kichwa. Burundi wako nyuma yetu saa nzima! Na huyu mama, mwaka mzima Tanzania, saa ya mumewe hajaigusa.

"Njooni! Sasa hivi!"

"Haya, lakini shangazi hakimbii. Magoti."

Asnath akamgeukia Nikodemu. "Mzuie huyu Bwana Zamu wako."

"Hazuiliki, da Asnath. Nilimtengeneza hivyo mwenyewe, mtu asipendelee ndugu zake."

"Hongera. Sasa yeye anajuaje kuwa mtu amechelewa?"

"Anatazama saa ya kompyuta."

"Na kompyuta anaiwekea saa nani?"

Nikodemu akaitazama kompyuta. Halafu likamtoka cheko, lile la mtoto aliyeona embe la jirani. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na sita. Akaipapasa kompyuta mgongoni, "Samahani, mwanangu," akairudisha nyuma saa moja.

Bwana Zamu akasita. Halafu simu za benchi zima zikalia pamoja: *Kumbuka, miadi yako inakaribia. Tafadhali wahi.*

"Niwahi mara ngapi?" Rodgers akalalamika. "Nimelala hapa karibu!" Watu wakacheka mpaka naye akacheka.

Skolastika akaingia ameshikwa mkono, kanga ikiburuzika, akihema. "Yoo, mwanangu, mbona mnatukimbiza? Leonia, soma."

"Saa mbili na dakika ishirini na tisa, shangazi."

Asnath akatazama kompyuta. Saa mbili na dakika ishirini na tisa.

"Shikamoo, mama. Umewahi. Ingia."

"Si niliwaambia?" akasema bibi, akapita mbele ya Rodgers kichwa juu.

Ilipofika zamu ya Rodgers, naye akaingia. Wote wakahudumiwa. Saa ya kompyuta hakuna aliyekumbuka kuirudisha, mpaka daktari alipotoka na kuuliza kama chakula cha mchana hapa Kigoma kinaliwa jioni.

Skolastika alitoka amefungwa bandeji jicho la kulia, akitabasamu kwa meno yote aliyobaki nayo. Kesho asubuhi ingefunguliwa. Bwana Zamu akatoa karatasi: saa tatu kamili.

Asnath akaisoma, akachukua kalamu, akakata ile tatu. Akaandika saa mbili, na chini yake: *ya marehemu*.