Dawati la Nyangi na Wankyo

"Watoto tisini na wanne, na wewe fimbo hutaki. Utawatulizaje?" Mama Prosper, jirani yake wa Kigera, alimuuliza Skolastika siku alipopangiwa darasa la nne kule Suguti. Skolastika alijibu kwamba angesali, kisha angeongea nao mmoja mmoja.

Madawati yalikuwa kumi na nane, ya watoto watatu watatu. Arobaini walikaa chini.

Wiki ya pili msichana mmoja, Nyangi, alichukua ufagio ambao mwenzake Wankyo alikuja nao kutoka kwao, tena bila kuomba. Wakaanza kutukanana. Walikaa dawati moja, na kwa kila tusi lililochoma, dawati lilirefuka shubiri moja kati yao. Kufikia Ijumaa lilikuwa limetoka mlangoni, limefika kwenye mlingoti wa bendera. Watoto wa chini wakapanda, wote arobaini wakaenea. Waliokaa nje hawakuuona ubao, waliandika kwa kusikiliza. Afisa elimu akaja na futi, akapima, akaandika kwamba shule haina upungufu wa madawati.

Lakini kila asubuhi Wankyo alifika macho yamevimba. Skolastika akawapa wale wawili zamu moja ya usafi, huyu anyunyize maji, yule afagie. Siku ya tatu wakacheka. Siku ya nne wakagawana kiazi. Dawati likarudi ndani polepole, watoto wakishuka bila fujo, mpaka likabaki la watatu.

Mwalimu mkuu, Mzee Makongoro, akaja mlangoni.

"Mwalimu, umepunguza samani ya serikali," alisema kwa upole. "Nikiomba madawati wataniambia tunayo."

"Nimewapatanisha, mkuu."

"Najua, mwanangu. Ndo hapo ulipokosea."

Wasichana walisikia. Jumatatu wakaamua kusaidia.

"Kichwa kama kibuyu," alisema Nyangi.

"We nae, miguu ya korongo."

Wakacheka mpaka wakalaliana. Dawati halikusogea. Matusi ya mchezo halikuyataka.

Wankyo akawatazama wa chini. Dotto, mdogo kuliko wote, alikuwa anaandikia juu ya goti, na vumbi limemfika masikioni. Wankyo akamgeukia Nyangi. Kisha akasema, darasa zima likisikia, jambo ambalo Nyangi alimnong'oneza yeye peke yake walipokuwa wakifagia.

"Baba yako hayuko machimboni. Aliwakimbia. Mama yako anajua, ndo maana analiaga jikoni."

"Wankyo," Skolastika alisema, lakini dawati lilikwishatoka mlangoni. Lilipita mlingoti, likaingia kwenye shamba la mihogo la shule. Dotto akapanda, akapangusa daftari, akaandika tarehe.

Wankyo akanyoosha mkono juu ya ubao wa dawati kumshika mwenzake. Haukufika.

Nyangi akakusanya madaftari yake, akatoka.