Lango la Kimataifa la Ikutha

Mkurugenzi Mbaluka alilipenda lile lango kuliko alivyowapenda watu. Lilisimama kando ya barabara ya Ikutha, refu, la vyuma vinavyong'aa, na juu yake maandishi ya Kiingereza kuhusu kituo cha biashara cha kimataifa. Nyuma ya lango palikuwa na vichaka vilivyofyekwa, nguzo za stima zisizo na nyaya, na ghala moja lililopakwa rangi upande unaotazama barabara tu.

Yvonne, afisa wa mawasiliano wa mradi, ndiye aliyeyatunga yale maandishi. Kila alipopita chini yake alitazama kwingine.

Siku wawekezaji walipokuja kutoka Ulaya, Mbaluka alivaa suti nzito katika jua lile la Ikutha. Akina mama walikuwa wameletwa tangu asubuhi kuimba. Maji ya chupa yalikuwepo, lakini yalikuwa ya wageni.

"Wakiuliza chochote," alimwambia Yvonne, "jibu ni moja tu: karibuni."

Kiongozi wa wageni, mama wa makamo aliyeitwa Karin, alivumilia hotuba mpaka mwisho. Kisha akauliza choo kiko wapi.

Mbaluka akamgeukia Yvonne kana kwamba choo ni kitu alichokisahau kwenye mkoba. Katika eneo lote lile la viwanda vya kesho, hakuna aliyekumbuka kuchimba choo.

"Kuna boma hapo nje ya ua," Yvonne akasema.

"Kwa yule mama wa mbuzi? Afadhali..." Mbaluka hakumaliza. Afadhali yenyewe hakuijua.

Mwenye boma aliitwa Mutindi. Ua wa nyaya wa mradi ulikuwa umemkatia njia ya kupeleka mbuzi mtoni. Alipokwenda ofisini Kitui kuomba wamwachie japo kichochoro, Mbaluka alimwacha kwenye benchi mpaka ofisi ikafungwa, kisha akampita akiongea kwa simu.

Mutindi alimwonyesha Karin choo, akammiminia maji ya kunawa, akamwekea kiti kivulini. Mbaluka alibaki juani. Hakuna aliyemwambia aketi.

"Muulize anauonaje mradi," Karin akamwambia Yvonne.

Mutindi akajibu kwa Kikamba, bila haraka. "Mwambie hawa walifunga njia ya mto wakasema kiwanda kinakuja. Sasa mimi sina mto, na wao hawana kiwanda. Hata punda akikuzibia njia, angalau huwa amebeba kitu."

Mbaluka aliwatabasamia wageni, akamwambia Yvonne kwa Kikamba hichohicho, "Sema mama anashukuru kwa maendeleo."

Yvonne alimtazama. Jasho lilikuwa limelowesha kola, tabasamu limeganda kama mafuta ya mbuzi kwenye sufuria baridi. Mtu huyu ndiye aliyekuwa akimtetemesha kwenye kikao cha kila Jumatatu! Akageuka, akatafsiri maneno ya Mutindi yote, na punda pia.

Karin hakucheka. "Ni kweli?" akamuuliza Mbaluka.

"Wananchi wetu wanapenda utani," Mbaluka akasema, akajichekea peke yake.

Wageni walikula, wakashukuru, wakaahidi kuwasiliana. Hawakuwasiliana. Yvonne akahamishiwa idara ya mifugo huko Mwingi, na Mbaluka alitaka kumpa habari hiyo kwa mdomo wake.

"Umetuaibisha mbele ya dunia."

"Dunia iliomba choo tu, bosi," Yvonne akasema, akachukua mkoba wake.

Mbaluka naye akapanda ndege kwenda kutafuta wawekezaji wengine. Alituma picha akiwa amesimama mbele ya maghorofa ya watu, kifua mbele, kama aliyeyajenga.

Akiwa bado huko, Mutindi na majirani zake walikuja na koleo za kukatia nyaya, mchana kweupe, wakakata ua upande wa boma na upande wa mto. Mutisya, askari wa lango, aliacha kivuli chake akawafuata. Alipofika alizishika nyaya zilizokatwa, akazivuta kando zisiwachane mbuzi, mpaka wa mwisho akapita kuelekea mtoni.