Chuma Chenye Tope

Nzau alikigeuza kile chuma mkononi, akakipuliza, na unga mweupe ukamrukia hadi kwenye kope. Hakukitia motoni. Alikilaza chini, miguuni pa mtu aliyekileta.

"Hiki sikinoi," alisema.

Githinji alicheka akidhani ni mzaha. Kicheko kikageuka kikohozi, kikamwinamisha na kumshikisha magoti, na Nzau akangoja hadi kilipokwisha. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mitatu katika machimbo yale ya mawe juu ya mto Ndarugu. Githinji alitoboa mwamba ili utiwe baruti; Nzau, mhunzi, alimnolea vyuma vya kutobolea. Huo ulikuwa mwaka wa 1957. Viwanda vilikuwa vinajengwa Thika, na malori hayakupumzika.

"Kina nini?"

"Kina vumbi. Chuma kikitoboa jiwe lililotiwa maji hurudi na tope. Hiki kimetoboa jiwe kavu. Mwambie mnyapara mimi nanoa vyuma vya tope peke yake."

"Wacha maneno, Nzau. Nikisimama bila chuma ataandika jina langu. Na Mkikuyu akikosa kazi siku hizi, kesho yake anarudishwa rizavu, kufungiwa kijijini. Unajua hayo."

"Najua. Ndiyo maana anayekataa ni mimi, si wewe."

Zamani walitoboa kwa nyundo, polepole, na wanawake walipandisha maji kutoka mtoni kuyamimina kwenye shimo. Kisha ikaja mashine ya hewa. Muthoka, mnyapara, akasema maji yanachelewesha kazi, akawaachisha wale wanawake. Tangu siku hiyo vumbi likawa bwana wa mahali. Lilipaka migomba ya bondeni rangi ya majivu. Ngendo, mke wa Githinji, alifunika sufuria kwa kitambaa, na bado ugali ulisagika menoni. Watoboaji walitoka kazini weupe nyusi na nywele, wakitaniana kwamba wamezeeka kwa siku moja.

Nzau hakucheka utani huo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia jeshi lilimpeleka Bara Hindi, na karakana ya kambi yao karibu na mji wa Ranchi ilipata moto wake kutoka migodi ya makaa ya mawe. Alikwenda huko na lori mara nyingi. Aliona wanaume wa miaka thelathini wakitoka ardhini, wanapumzika kila hatua kumi, wanatema mate meusi. Mhunzi mmoja mzee wa huko alimfundisha kukipa chuma ukali wake kwa kuitazama rangi. Mzee huyo alikuwa na wana watatu, wote wachimba makaa. Nzau alisaidia kubeba maiti ya wa pili kwenda kuchomwa, kwa desturi yao. Alikuwa mwepesi kama mtoto.

Muthoka alifika kabla ya saa nne, kofia mkononi.

"Nzau, mtu wa kwetu, unanitia aibu mbele ya watu hawa. Noa."

"Nitanoa vyote. Rudisha maji."

"Wewe ni daktari?"

"Mimi ni mhunzi. Ndiyo maana nimezungumza habari ya chuma."

"Wahunzi wamejaa Thika!"

"Basi mlete mmoja. Tanuri hili hapa, nitamwachia na makaa."

Jioni, Ndunge, mke wa Nzau, alimsikiliza mumewe huku akichambua kunde. Hakuinua macho mpaka maneno yalipokwisha.

"Wakikufukuza, Baba Mwongeli?"

"Chuma kinapatikana kila mahali. Hata kwetu Machakos kuna majembe."

Ndunge alifikiri. "Basi kesho vaa shati lile zuri," alisema. "Usifukuzwe ukiwa na viraka."

Nzau alikwenda na shati zuri. Akalikuta tanuri lina mtu mwingine, Kiilu, fundi wa springi za malori kutoka mjini, mtu wa adabu na mikono mizito. Nzau alikaa juu ya jiwe akatazama. Kiilu alifua vizuri, lakini alipokitumbukiza chuma ndani ya maji alikitumbukiza chote kwa pupa. Chuma cha kwanza kilivunjika ncha shimoni kama muwa. Cha pili akakiacha kilainike zaidi; kikapinda. Kufikia adhuhuri vyuma kumi na vinne vilikuwa vimelazwa kando kama wagonjwa.

Kiilu alikuja kuchutama karibu naye. "Mzee, siri yako ni nini?"

"Si siri. Nitakufundisha," Nzau alisema. "Lakini si wiki hii."

Kiilu alitazama upande wa mwamba, ambako watoboaji walikuwa wamekaa wakikohoa kwa zamu. Akakusanya koleo zake, akaaga kwa heshima, akarudi mjini.

Siku ya tatu mashine ilinyamaza kabisa. Malori sita yalipanga foleni matupu, na saa tano mwenye machimbo akafika kwa gari lake, uso mwekundu.

"Wewe iko shida gani?" alimfokea Nzau.

Nzau alikuwa amejiandaa kumweleza habari ya vifua. Alikesha akiyapanga maneno. Lakini alipomwona yule mzungu akipita karibu na Githinji bila kumtazama, kisha akainama kuokota ncha iliyovunjika na kuigeuzageuza kwa huruma, alijua maneno yale hayana nyumba hapo.

"Bwana, chuma kinakufa bure," alisema. "Nipe nafasi nikuonyeshe."

Akavukuta moto. Alipasha vyuma viwili hadi vikawa vyekundu, akavifua ncha, akavizamisha midomo tu. Kisha akavitoa na kutazama joto likirudi taratibu kutoka shinani, likisukuma rangi mbele yake. Ilipofika rangi ya majani makavu, akavizamisha tena. Watu wakakaribia kutazama. Muthoka mwenyewe alisogea.

Githinji akatoboa kwa chuma cha kwanza, kavu. Kabla ya nusu ya shimo ncha iliungua, ikawa bluu, ikawa butu. Akatia cha pili, na Ngendo, aliyeitwa kutoka bondeni na debe lake, akamimina maji kidogo kidogo. Tope lilipanda shimoni kama uji unaochemka. Shimo likaisha. La pili pia likaisha. Nzau akampa mzungu ile ncha aishike: ilikuwa baridi, na bado kali.

Mwenye machimbo alikuna shingo. "Muthoka," alisema, "leta maji."

Wanawake walirudi siku hiyohiyo. Usiku watu walimshangilia Nzau, na alifurahi, ila furaha hiyo ilikuwa na mfupa ndani yake. Maji yalirudi kwa ajili ya chuma.

"Yamerudi," Ndunge alimwambia. "Kifua hakiulizi yalikuja kwa ajili ya nani."

Mvua ziliosha migomba ikawa kijani. Lakini kikohozi cha Githinji hakikusikia habari za maji. Jumamosi moja, baada ya kazi kusimama saa sita mchana, alipata kibali cha kwenda Thika, na Nzau akamsindikiza. Dresa wa zahanati aliweka sikio mgongoni mwake muda mrefu, akasema asishike tena mashine. Nzau akawa ameshaamua: Githinji angejifunza rangi za chuma tanurini kwake, mbali na mwamba. Muthoka angekataa, kisha angekubali.

Walirudi kwa njia ya viwandani. Ukuta mpya wa mawe ya machimboni ulikuwa umesimama mrefu, kijivu, bado haujapakwa chokaa. Githinji alisimama, akaweka kiganja juu yake. Kwenye jiwe moja, usawa wa kifua, kulikuwa na mfereji mdogo, nusu ya tundu lililotobolewa kwa chuma kabla mwamba haujapasuliwa.

"Hili ni langu," alisema.

"Unajuaje?"

"Limenyooka."

Alicheka kidogo, kwa tahadhari, akaegemeza bega hapo apate pumzi. Nzau naye akaegemea ukuta ule, akatazama barabara kama mtu asiye na haraka yoyote duniani.