Jicho la Upepo

Jumanne, kipindi cha tatu, Mwalimu Nurudini aliandika ubaoni neno window, akalipigia mstari, akawaeleza Kidato cha Pili kwamba Waingereza hawakulitunga wenyewe. Walilipokea kwa mabaharia wa kaskazini waliowavamia zamani, na kwa watu wale maana yake ilikuwa jicho la upepo. Nyumba ilikuwa na tundu tu, upepo ukachungulia humo kuona wenyeji wanapika nini.

"Siku hizi hutumika kwa dirisha lenye vioo," alimalizia, akatazama ukuta wa nje. "Kwa kawaida."

Theodosia Ndayikeza alinyoosha mkono. "Ya bwenini kwetu tuyaiteje, Mwalimu?"

"Kaa chini, Theodosia."

Bweni lao, kilimani nje ya Kasulu, lilikuwa na madirisha kumi na mawili, lakini halikuwa na kioo hata kimoja. Si kwamba havikuletwa. Kila aliyeanza Kidato cha Kwanza alikuja na jembe, ndoo na kioo cha dirisha. Dorcas, rafiki wa Theodosia, alitoka na chake Kibondo, amekifungia ndani ya godoro, akalikumbatia godoro njia nzima kama mgonjwa. Stoo ikavipokea vyote. Sasa mgonjwa alikuwa yeye: alilala chini ya dirisha la mwisho, na kifua chake kilipiga filimbi.

Jioni ile macho yalifunguka madirishani. Kumi na mawili, moja kwa kila fremu, makubwa, ya rangi ya vumbi. Wasichana waliondoa taulo walizoanika pale ili yasiingiwe na nyuzi, wakaendelea kufua soksi. Kasoro ilikuwa moja tu: hayakuwa na kope, na upepo ulipita katikati ya mboni kama siku zote.

"Liambie lifumbe, Theo," Dorcas alisema. "Kifua kinanibana."

"Lifumbe na nini, shosti? Kope zake ulizipeleka stoo mwenyewe."

Dorcas alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kuisha. Theodosia, ambaye hakuwahi kuishiwa utani, aliishiwa. Alipanda juu ya kitanda.

"Shikamoo," aliliambia jicho. "Vioo vyetu viko wapi?"

Upepo hauna mlango usioujua. Macho yote kumi na mawili yaligeuka kwa pamoja, yakatulia kwenye nyumba mpya ya Mkuu wa shule, ng'ambo ya uwanja wa mpira.

Asubuhi Mkuu alikuja kukagua. Alifuata yanakotazama, akaiona baraza yake.

"Macho haya hayana adabu," alisema. "Yafutwe kila siku, na yafundishwe kutazama mbele."

"Na Dorcas, Mkuu? Hapumui vizuri," Theodosia alisema.

"Avae sweta."

Alivaa matatu. Ijumaa mama yake alifika kutoka Kibondo, akambeba mgongoni hadi kituo cha basi, msichana mzima wa Kidato cha Pili. Kwenye ratiba ya zamu, baada ya kufagia na kuteka maji, kukaongezwa kufuta macho.

Theodosia alihamia kitanda cha Dorcas kabla hajawekwa mtoto wa Kidato cha Kwanza. Jicho lilimkagua, likaona ni mwingine, likarudi kutazama ng'ambo. Naye akatazama. Mikaratusi ilikuwa inayumba, mashati kwenye kamba yakipigana mieleka, na nyuma ya vioo vya nyumba ile mapazia hayakutikisika hata kidogo.