Stika Nyuma ya Mashine

Baba alipopata kiharusi, kitu cha kwanza alichonunua kwa kiinua mgongo chake hakikuwa kiti cha magurudumu. Alinunua mashine ya kufulia nguo. Ililetwa kutoka Mbeya juu ya basi, ndani ya boksi lake, na majirani wote wa mtaa wetu wa Kizwite walitoka kuitazama ikishushwa.

"Ni ya mama yako," aliniambia, ulimi ukiwa bado mzito.

Nilijua ni yake pia. Upande wake wa kushoto ulikuwa umelala, na mkojo haukumsubiri tena. Pampasi za watu wazima tulijaribu, zikamtia vidonda. Kwa hiyo kila siku kulikuwa na mashuka ya kufua, mawili, wakati mwingine manne, na mashuka hayo yaliguswa na Mama tu.

Sisi ni Wanyakyusa. Baba, mzee Asajile, alikuja Rukwa kama bwana shamba, akafanya kazi Matai miaka ishirini kabla ya kustaafu na kujenga hapa Sumbawanga. Alikulia katika heshima ile ya kwetu ambayo mke wa mwanao akikuona njiani anapita pembeni. Mtoto kushika uchafu wa baba yake kwake lilikuwa jambo lisilotamkika. Siku moja Mama akiwa kanisani nilichukua beseni nikafua. Baba aligeuza uso ukutani, akalia bila sauti, na hakula mpaka kesho yake. Sikurudia. Mfanyakazi wa ndani alimkataa kabisa.

Mashine ilimaliza hayo yote. Mama aliingiza mashuka, akafunga mlango wa kioo, akabonyeza. Baba aliisikia kutoka kitandani ikizunguka chumba cha pili.

"Huyo mfanyakazi hana macho," alisema, akacheka kwa nusu ya mdomo.

Mwezi wa tano mashine ilisimama katikati ya kazi, tumbo limejaa maji, ikilia pi, pi, pi na kuonyesha herufi moja na namba. Mama akamwita Flavian.

Flavian ni Mfipa wa Mwimbi, fundi wa friji na pasi na kila kitu chenye waya, ana kibanda nyuma ya soko. Aliingia na mkoba wake, akainama mbele ya kioo.

"Shikamoo, Mama Atu. Naona mgonjwa kavimba tumbo."

"Marahaba, baba. Fanya upesi, mzee asizoee kimya."

Aliweka sikio ubavuni mwa mashine, akagonga chini kwa kifundo cha kidole.

"Pampu ya kutoa maji. Kuna kitu kimeing'ang'ania. Nipe saa moja, mama. Hata chai haitapoa."

Akaigeuza mashine, akatoa bisibisi. Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nyuma, juu ya skrubu, palikuwa na stika ya rangi ya fedha iliyoandikwa kwamba waranti inakoma stika hiyo ikibanduliwa. Waranti yetu ilikuwa imebakiza miezi saba.

"Kaka Flavian, usiiguse hiyo."

"Dada Atusaye, hii ni gundi na karatasi."

"Ni mkataba."

"Mkataba unafua?"

Mama alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemaliza shahada ya sheria, bado sina kazi, na kichwa changu kilijaa vitu nilivyoviamini kwa moyo wote.

"Tukiibandua tunawapa sababu ya kutukimbia," nilisema, na nakumbuka nilipaza sauti. "Wameuza, wawajibike. Watu wa huku tumezoea kunyamaza, ndiyo maana tunafanyiwa tu. Ni haki yetu watutengenezee."

Flavian alimtazama Mama. Mama alinitazama mimi muda mrefu kidogo.

"Mtoto amesoma, Flavian. Tusubiri."

"Sawa, mama." Alirudisha bisibisi mkobani. "Ila maji ya mwezi wa sita hayajasoma."

Nilipiga simu siku hiyohiyo. Wiki ya kwanza waliniomba picha ya risiti na picha ya stika. Nilizituma kwa fahari, stika ikiwa nzima, haina hata mkunjo. Wiki ya pili waliniambia kwamba kampuni haina fundi Rukwa, wala Mbeya, hivyo tuipeleke mashine Dar es Salaam kwa gharama zetu. Niliwaandikia barua ya kurasa nne yenye vichwa vya habari na vifungu. Nilimsomea Mama sebuleni, akasikiliza mpaka mwisho, mikono yake ameificha ndani ya kitenge. Wiki ya tatu walijibu kwamba ombi langu linashughulikiwa.

Mwezi wa sita Sumbawanga upepo haupumziki. Mama alichemsha sufuria moja ya maji kwa ajili ya kufulia, lakini kusuuza ilikuwa ni bombani, na maji ya bombani asubuhi yanauma mpaka kwenye mfupa. Vifundo vyake vilipasuka. Nyufa zikawa nyekundu, halafu zikaanza kutoa damu. Alizipaka mafuta ya mgando na kusema si kitu. Kwa mikono hiyohiyo alimlisha Baba uji, kijiko kwa kijiko, na Baba hakuwa na kazi nyingine ila kuitazama.

Kisha mashuka yakapungua. Niliona kwenye kamba: manne yakawa mawili, mawili yakawa moja. Siku moja kamba ilikaa tupu mpaka saa sita mchana.

"Mama, umeona? Baba anapata nafuu."

"Tumshukuru Mungu," Mama alijibu, lakini hakuonekana kushukuru. "Amekuwa anashiba haraka siku hizi."

Jumatatu iliyofuata Flavian alisimamisha pikipiki yake getini.

"Vipi, dada? Kampuni wamekuja?"

"Bado. Wanashughulikia."

"Wanashughulikia," alirudia, kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. "Na mama na mashuka yake?"

"Yamepungua sana. Jana hata moja hakufua."

Flavian alizima pikipiki.

"Hata moja? Mzee anakunywa lakini?"

"Kwa nini unauliza?"

"Mimi nikiletewa kitu kilichokuwa kinavuja, halafu kimeacha chenyewe, kwanza natazama kama ndani kuna maji."

Niliingia chumbani. Kwenye stuli palikuwa na kikombe cha chai kilichoganda utando juu, na bakuli la uji halijaguswa. Midomo ya Baba ilikuwa na magamba meupe. Nilikuwa namwona kila siku, nikimwamkia na kumhadithia habari za barua yangu, na sikuwa nimeiona midomo hiyo.

"Baba, umekunywa maji leo?"

"Nimekunywa."

"Saa ngapi?"

Nje, karai liligonga saruji. Mama alikuwa anaosha vyombo.

"Baba."

"Umeiona mikono ya mama yako?" aliuliza.

Hospitali walimwekea dripu mchana huohuo. Daktari alisema figo zimechoka, damu imeanza kuwa chafu, watafanya wanachoweza. Mama alikaa kwenye benchi kando ya kitanda. Mimi nilikwenda moja kwa moja kibandani kwa Flavian.

"Njoo uibandue," nilimwambia.

Hakunitania. Alifunga kibanda, tukaenda. Nyuma ya mashine alinisogeza mbele kwa upole.

"Ibandue wewe. Mashine ni yenu."

Niliing'oa kwa kucha. Ilitoka yote kwa mara moja, kirahisi, kama stika za kwenye madaftari ya watoto. Flavian alifungua skrubu sita, akatoa pampu, akaingiza koleo na kuvuta kifungo cha pajama ya Baba. Alikiweka kwenye kiganja changu. Haikuchukua hata ile saa moja aliyoiomba.

Tukaifunga na kuiwasha. Pi, pi, pi. Herufi ileile, namba ileile.

"Imepona lakini haijui kama imepona," Flavian alisema. "Imejifunga. Inataka namba ya siri ya kuifungulia."

Nilipiga simu kampuni. Dada aliyepokea alikuwa na sauti nzuri, ya subira. Alisema namba hiyo hupewa mafundi wa kampuni peke yao. Kisha akauliza kama stika bado ipo. Nikasema haipo. Akasema pole, na kwamba ombi langu sasa limefungwa.

Flavian alikuwa amechuchumaa, akifuta mikono.

"Mashine mmenunua nyie. Umeme mnalipa nyie. Pampu nimetengeneza mimi. Funguo anayo mtu ambaye hajafika hata Tunduma." Alitema mate nje ya mlango. "Basi tutaifundisha kufua bila ubongo."

Alitoa kadi yote, ile inayofikiri na kukataa. Siku mbili alishinda pale chumbani akifuata nyaya, na mahali pa vitufe akafunga ubao wenye swichi tatu za ukutani, zile za taa. Juu ya moja aliandika kwa kalamu nene MAJI, juu ya nyingine ZUNGUSHA, juu ya nyingine TOA. Hakutaka tuzungumzie malipo.

Alhamisi saa saba mchana ilizunguka. Nilisimama pale nikiirekodi kwa simu, kisha nikachukua bodaboda mpaka hospitali. Niliweka simu kwenye mto, karibu na sikio la Baba. Alifumba macho akasikiliza.

"Ni yenyewe?"

"Ni yenyewe, Baba. Flavian ameiwekea swichi za taa."

Nusu ya mdomo ikacheka.

"Mfipa huyu!" alisema. Kisha akamgeukia Mama. "Mama Atu, nipe maji."

Mama alimshikia kikombe. Alikunywa chote, akaomba kingine. Nesi alikuja haraka.

"Kidogo kidogo, mama. Yanaingia, lakini hayatoki."

Hayakutoka. Miguu yake ilianza kuvimba. Ijumaa nzima nilikuwa napitisha mkono chini yake nikilipapasa shuka, na Baba hakunikataza tena. Lilikuwa kavu. Sikuwahi kufikiri kwamba ningekuja kumwomba Mungu alowanishe shuka. Niliomba hivyo mchana kutwa, kwa maneno hayohayo, na shuka likabaki kavu, na Jumamosi asubuhi, jua likiwa limeshatoka, Baba alikata roho.

Tulimzika hapa. Watu walikuja kutoka Mbeya, na wengine kutoka Matai, wakulima aliowafundisha kupanda mahindi kwa mistari. Walipoondoka wote, nyumba ikabaki na mimi na Mama.

Nilikuwa nimekaa na jambo langu kwa siku tisa. Nilimkuta sebuleni, nikakaa sakafuni karibu na miguu yake.

"Mama, mimi ndiye niliyemzuia Flavian."

"Najua."

Nilitaka aseme si hivyo. Nilitaka aseme ni mipango ya Mungu, kama walivyosema waombolezaji wote. Hakusema.

"Kwa nini ulinisikiliza? Wewe ulishamwita. Bisibisi ilikuwa mkononi."

Barua yangu bado ilikuwepo mezani, kurasa nne. Nimeisoma tena tangu siku ile. Bado naamini kila neno lililomo: kwamba mtu aliyenunua kitu awe na ruhusa ya kukifungua, kwamba fundi wa Sumbawanga asinyimwe namba anayopewa fundi wa Dar es Salaam. Ni kweli yote. Nimeanza kuwapelekea watu wengine, wenye vyeo, na nitaendelea kuwapelekea. Lakini haki ya kudai ilikuwa yangu, na bomba la maji baridi lilikuwa la Mama, nami nikachagua kudai kwa mikono yake.

"Baba yako alikuwa anakusikia siku ile," Mama alisema hatimaye. "Ulipokuwa unambishia Flavian. Flavian alipoondoka nilitaka kumrudisha, lakini baba yako aliniita chumbani, akaniambia, umemsikia mtoto wetu anavyoongea? Akasema, tusubiri, Mama Atu, huyu tumemsomesha."

Nilishindwa kuinua uso.

"Alifurahi sana siku ile," Mama alisema tena, taratibu, kama anayenipa kitu nikishike. Nami sikuwa na pa kukiweka.